Kompyuta imekufa, pawa saplai bado ina uhai

Mafundi wa jua kali Nakuru wanaendesha mota ndogo kwa visanduku vilivyotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Wapo wanaousifu ubunifu huo, na wapo wanaoonya kuwa ni kucheza na stima.

NA MWANDISHI WETU, NAKURU

Ndani ya banda la mabati lililo karibu na reli, fundi anakunja kipande cha waya kama pini ya nywele. Ncha moja anaichomeka kwenye tundu la waya wa kijani, ya pili kwenye tundu la waya mweusi. Papo hapo feni ya kisanduku cha chuma kilicho mezani inaanza kuvuma.

Pembeni, mota ya waipa iliyotolewa kwenye gari lililokatwa inageuka na kuinamisha trei ya mbao upande huu, kisha upande ule. Ni mashine ya kuangulia mayai, na mwenyewe ni mfugaji wa kuku anayeisubiri kwa hamu.

Fundi anatabasamu, kisha anapanga mayai 60 kwenye trei. Hapo mambo yanageuka. Mota inajikakamua, feni inanyamaza, kila kitu kinazima. Hakuna moshi wala cheche. Kisanduku kimejizima chenyewe.

Anachomoa plagi, anasubiri kidogo, anajaribu tena. Kinazima tena. Anajaribu mara ya tatu, na hali ni ile ile.

Kisanduku hicho ndicho pawa saplai ya kompyuta. Katika mabanda ya Nakuru, na katika shule zinazotafuta umeme salama wa kufanyia majaribio ya sayansi, kimekuwa chanzo cha bei nafuu cha kuendesha mota za volti 12 au chini yake. Swali ni iwapo tunakitumia kwa ujuzi au kwa kubahatisha.

Mji wa betri

Nakuru si mgeni katika habari za umeme mdogo. Kwa miaka mingi hapa ndipo palipokuwa na kiwanda cha Eveready, kilichotengeneza betri kavu zenye nembo ya paka. Redio nyingi za vijijini na kurunzi za mabawabu zilipata uhai kutoka mji huu. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2014, baada ya betri za bei nafuu kutoka ng'ambo kufurika sokoni.

Betri kavu ilikuwa na sifa yake: mtoto angeweza kuishika bila kupigwa na stima. Lakini kwa mota haifai sana. Mota ndogo inayokula ampea moja humaliza betri za kawaida za kurunzi kwa muda mfupi, na mwanafunzi hubaki na mradi usiosonga siku ya maonyesho.

Wakati betri zikipungua, kompyuta zilikuwa zikiongezeka. Ofisi, saiba, vyuo na shule zilinunua au kupewa kompyuta za mezani, nyingi zikiwa zimeshatumika Ulaya na Marekani. Leo nyingi zimechoka. Zimerundikwa stoo, zimeuzwa kwa kilo kwa wachuuzi wa vyuma chakavu, au zimetupwa.

Katika kila mojawapo mna pawa saplai, na mara nyingi yenyewe ni nzima. Kilichokufa huwa diski, kioo au ubao mkuu.

> Kilichokufa mara nyingi ni diski, kioo au ubao mkuu. Pawa saplai huzikwa ikiwa hai.

Kisanduku hufanya nini

Umeme wa nyumbani, ukiwemo ule unaozalishwa kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, Naivasha, hutufikia kama mkondo geu wa volti 240. Hubadili mwelekeo mara kwa mara, mizunguko 50 kila sekunde. Mota ndogo ya gari au ya mwanasesere haiutaki huo. Inataka mkondo mnyoofu, unaotoka upande mmoja na kurudi upande wa pili, kama wa betri.

Pawa saplai ndiyo mkalimani kati ya mikondo hiyo miwili. Huunyoosha umeme wa ukutani hadi ukafika takriban volti 340, huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, huupitisha kwenye transfoma ndogo, kisha huutoa ukiwa umeshuka na kutulia. Kwa sababu ya kukatakata huko, transfoma yake inatosha kiganjani, tofauti na zile nzito za redio za zamani.

Muundo wa ATX, ulioletwa na kampuni ya Intel mwaka wa 1995, uliweka rangi za nyaya ambazo mafundi wengi wamezikariri. Manjano ni volti 12. Nyekundu ni volti 5. Rangi ya chungwa ni volti 3.3. Nyeusi ni njia ya kurudi. Zambarau hubaki na volti 5 muda wote kisanduku kinapokuwa kwenye plagi. Kijani ndiyo ya kuwashia: ikiguswa na nyeusi, kisanduku huamka.

Hivyo basi mota ya volti 12 huunganishwa kati ya manjano na nyeusi. Ya volti 5 au 6 hukaa kati ya nyekundu na nyeusi. Kimota cha mwanasesere cha volti 3 kinafaa kwenye waya wa chungwa, kwani ukikipa volti 12 kitakimbia kwa kishindo kisha kiungue. Ukitaka mota izunguke kinyume, badilisha nyaya zake mbili.

Kwa maelezo hayo, kazi inaonekana rahisi. Mbona basi kisanduku cha fundi wetu kilizima?

Siri iliyo kwenye lebo

Jibu lilikuwa ubavuni mwa kisanduku, chini ya vumbi. Tuliifuta lebo kwa kitambaa. Kwa maandishi makubwa ilisema wati 300. Chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na jedwali: volti 5, ampea 30; volti 12, ampea 10.

Kompyuta za zamani zilikula umeme wao mwingi kwenye volti 5, na pawa saplai zake ziliundwa kufuata hali hiyo. Kwa hiyo mtu akisoma "wati 300" akadhani zote zinapatikana kwenye waya wa manjano, amejidanganya. Volti 12 mara ampea 10 ni wati 120 tu.

Kisha tukageukia mota. Fundi alichukua mita na kupima nyaya zake zikiwa hazina umeme. Mita ilisoma takriban omu moja. Gawanya volti 12 kwa omu moja, unapata ampea 12. Huo ndio mkondo ambao mota huvuta ikiwa imesimama, kabla haijaanza kuzunguka.

Hapa ndipo wengi hupotelea. Mota inapozunguka huzalisha umeme wake yenyewe, unaopinga ule unaoingia, na kwa sababu hiyo mkondo hupungua. Ikisimama, hakuna cha kupinga, na mkondo hupanda hadi kikomo. Mota ya waipa inayokula ampea chache ikiwa huru hutaka nyingi zaidi inapobanwa na mzigo.

Trei ikiwa tupu, mota ilianza kwa wepesi na ule mkondo mkubwa ukapita upesi. Mayai 60 yana uzito wa takriban kilo tatu na nusu. Mota ilisita, mkondo ukakaa juu, na kisanduku kikajilinda kwa kuzima. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimefanya kazi yake sawasawa.

> Kisanduku kinachozima si lazima kiwe kibovu. Huenda kinakuambia kuwa umekibebesha kuliko uwezo wake.

Suluhu haikuhitaji senti hata moja. Kwanza, fundi alisogeza mhimili hadi katikati ya trei ili uzito wa mayai usawazike pande zote mbili. Pili, alihamisha waya wa mota kutoka manjano hadi nyekundu. Kwa volti 5, mota hiyo ikikwama huvuta takriban ampea 5, na njia ya volti 5 kwenye kisanduku hicho ina uwezo wa ampea 30.

Alipowasha tena, trei iliinama taratibu bila kutikisa mayai, na feni ikaendelea kuvuma. Mayai ya kuku hukaa siku 21 kwenye joto la takriban nyuzi 37.5, na hugeuzwa mara kadhaa kwa siku hadi yakaribie kuanguliwa. Kugeuzwa kwa upole ndiko kunakofaa. Volti 5 ziliiokoa pawa saplai na zikayafaa mayai pia.

Wanaounga mkono

Kwa mafundi, hoja ni ya mfukoni. Chaja na betri ya gari ni mtaji, na betri huchoka. Pawa saplai ya kompyuta iliyokufa hupatikana kwa bei ya chuma chakavu, na inatoa volti tatu tofauti kwa wakati mmoja.

Wana hoja nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Betri ya gari ikipigwa shoti humwaga mamia ya ampea na kuyeyusha spana. Pawa saplai nzima hujizima. Kwa anayejifunza, chombo kinachosamehe kosa la kwanza kina thamani kubwa.

Walimu nao wana kilio chao. Tangu shule za sekondari ya msingi zianze Januari 2023 chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa wanasoma Sayansi Jumuishi na masomo ya kiufundi yanayodai kutenda, si kukariri tu. Umeme na sumaku haviwezi kufundishwa kwa chaki peke yake. Mtoto akiiona mota inazunguka, akibadilisha nyaya ikazunguka kinyume, somo limekaa.

Historia nayo iko upande wao. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu Kenya ya mwaka wa 1972 ndiyo iliyoufanya ulimwengu uichukue kwa uzito sekta isiyo rasmi, tuliyokuja kuiita jua kali. Ilionyesha kuwa vibanda hivi vina tija na ubunifu.

Wanaopinga

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kupuuzwa.

La kwanza ni kilichomo ndani ya kisanduku. Kapasita zake hushika umeme wa mamia ya volti, na huweza kubaki nao hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayefungua kifuniko kwa bisibisi na kugusa pasipofaa anaweza kupoteza maisha. Volti 12 za nje hazimwui mtu. Volti 340 za ndani zinaua.

La pili ni moto. Waya mwembamba ulioungwa kwa tepu, ukipigwa shoti kwenye njia yenye uwezo wa ampea 30, unaweza kuwaka mwekundu kabla kisanduku hakijatambua kuwa kuna hitilafu. Kwa kisanduku, ampea 20 ni mzigo wa kawaida. Kwa waya wa spika ni kifo.

La tatu ni rangi zenyewe. Si kila mtengenezaji alizifuata. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na soketi inayofanana na ya kawaida, ilhali mpangilio wa nyaya ni tofauti. Siku hizi pia kuna pawa saplai zenye nyaya nyeusi tupu. Anayetegemea macho bila mita atakosea siku moja.

La nne linahusu mashine zilizotoka Marekani. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu chenye nambari 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye volti 240 za Kenya, kishindo utakachosikia ndicho mwisho wa chombo hicho.

Wapo pia wanaouliza: kwa nini mtu ahangaike, ilhali adapta mpya za volti 12 za kamera za usalama zinauzwa madukani? Adapta hizo zimefungwa pande zote na ni nyepesi. Kwa mota ndogo inayokula ampea moja au mbili, hoja hiyo ni sahihi kabisa. Pawa saplai inastahili pale mota inapohitaji mkondo mkubwa, au pale mwanafunzi anapohitaji volti kadhaa mezani.

Taka zinazotuzidi kimo

Kuna jambo lingine lililo kwenye mizani: jaa la taka.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022. Asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, haiko nje ya hesabu hiyo. Nyaya zinapochomwa jaani ili kupata shaba, moshi wa plastiki huingia vifuani mwa wachomaji na majirani. Bodi za kompyuta za zamani zililehemiwa kwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022, pamoja na kanuni zilizofuata mwaka wa 2024, zinamtwika mzalishaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake hata inapokuwa taka. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ndiyo yenye jukumu la kutoa leseni kwa wanaoshughulikia taka hizo. Jijini Nairobi, Kituo cha WEEE hupokea na kubomoa vifaa hivi kwa utaratibu.

Watetezi wa urejelezaji wangependa kompyuta ifike huko ikiwa nzima, isinyofolewe njiani na mabaki kutupwa mtaroni. Fundi naye anasema chombo kinachofanya kazi bado hakijawa taka. Kwa maoni yangu pande hizi hazigombani kwa kweli. Kutumia tena hutangulia, kurejeleza hufuata. Kosa ni kuruka yote mawili na kwenda moja kwa moja jaani.

Kabla ya kuunganisha

• Usifungue kisanduku. Kila unachohitaji kiko kwenye nyaya za nje.

• Hakikisha kiswichi chekundu, kama kipo, kiko kwenye 230. Tumia plagi ya pini tatu yenye waya wa ardhi, kwa kuwa ganda lake ni la chuma.

• Soma lebo. Tafuta ampea za volti unayotaka kutumia, si wati za jumla.

• Pima kila waya kwa mita kabla ya kuunganisha mota. Rangi ni dokezo tu.

• Pima omu za mota na ugawanye volti kwa omu hizo. Jibu likizidi ampea za lebo, tafuta mota nyingine au punguza volti.

• Weka fyuzi inayolingana na mota kwenye waya wa manjano au mwekundu, karibu na kisanduku.

• Weka dayodi kwenye ncha za mota, mstari wake ukielekea upande chanya, ili imeze msukumo unaorudi mota inapozimwa. Kama utaigeuza mota kinyume, iondoe dayodi hiyo kwanza, la sivyo italeta shoti.

• Kisanduku cha zamani kikiwaka na kuzima bila mota, kipe mzigo mdogo kwenye volti 5, kama rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10. Huwa moto, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto.

Meza ya fundi na nyumba ya mteja

Baada ya kuzisikiliza pande zote, tofauti moja inafaa kuwekwa wazi.

Pawa saplai iliyo kwenye meza ya fundi au ya maabara, yenye mtu anayeiangalia na anayejua kuchomoa plagi, ni chombo cha kazi na cha elimu. Ile iliyofichwa ndani ya mashine ya kuangulia, ikauzwa kwa mfugaji wa Njoro au Subukia na kuachwa ikiwaka usiku kucha penye vumbi, unyevu na manyoya, ni jambo tofauti kabisa. Mfugaji huyo hajui nini kimeungwa na nini. Amenunua imani.

Anayeuza chombo cha namna hiyo anastahili kukifunga ipasavyo, kukiwekea fyuzi na waya wa ardhi, na kukipeleka kwa fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kikaguliwe. Akishindwa na hayo, amwekee mteja adapta mpya iliyofungwa. Maisha ya mtu hayapunguzwi bei.

Lakini kupiga marufuku si dawa. Fundi wa Nakuru hataacha kutumia kilicho karibu naye, na wala hafai kuacha. Kinachokosekana si kisanduku, bali maarifa ya kusoma lebo yake, na maarifa hayo hufundishwa kwa asubuhi moja.

Vyuo vya ufundi vilivyo hapa Nakuru vina walimu na mita. Vinaweza kuwafungulia mafundi wa jua kali milango Jumamosi moja kila mwezi. Serikali ya kaunti inaweza kutenga mahali ambapo kompyuta kuukuu zitaletwa, pawa saplai zipimwe, nzima zipewe shule na mbovu zipelekwe kwa warejelezaji wenye leseni.

Nawe mwalimu mkuu uliye na kompyuta zilizokufa stoo, usimwite mchuuzi wa vyuma kabla hujazitazama. Mwombe mtaalamu azitoe pawa saplai, azipime na kuzibandika maandishi ya volti na ampea zake. Kisha zipeleke kwenye darasa la gredi ya saba, pamoja na mota moja ya waipa na mita moja.